Wazee na Vyombo Vipya: Tangu Herufi za Kirumi hata Simu ya Mkononi

Methali isemayo "Samaki mkunje angali mbichi" ni methali ya malezi. Wahenga waliitumia kuwaonya wazazi wasicheleweshe adabu ya mtoto. Lakini katika vinywa vya watu wengi imegeuka kuwa hukumu juu ya wazee, ya kwamba aliyekwisha kukauka hakunjiki tena, na anayejaribu kumkunja atamvunja. Hukumu hiyo husikika siku hizi po pote penye simu: kibandani kwa wakala wa fedha, dirishani benki, na katika ofisi ya mtendaji wa kijiji. Mzee huitoa simu iliyofungwa katika pindo la kanga au ndani ya mfuko wa shati, akamkabidhi kijana aliye karibu, na pamoja na simu humtajia namba yake ya siri mbele za watu. Kijana hufanya kazi kwa haraka, wasimamao nyuma hucheka kidogo, na husemwa: mzee anaogopa mashine.

Historia ya Afrika ya Mashariki yaonyesha kwamba maneno hayo ni nusu ya kweli. Katika muda wa miaka mia na ushei wazee wa nchi hizi wamesimama mara tatu mbele ya chombo kipya cha maarifa. Mara ya kwanza kilikuwa herufi za Kirumi. Mara ya pili kilikuwa redio pamoja na darasa la kisomo. Mara ya tatu ni simu. Wazee wa nyakati hizo hawakuzidiana kwa akili wala kwa ushujaa. Kilichozidiana ni namna walivyopokewa, na kwa sababu hiyo matokeo yake hayakufanana. Mtu akitaka kujua kwa nini mzee wa leo huiogopa simu, na nini kiwezacho kumwondolea hofu hiyo, yafaa aanze huko nyuma.

Waswahili walikuwa watu wa kalamu kwa karne nyingi kabla ya shule za serikali. Nakala ya utenzi wa Hamziya ina tarehe ya mwaka wa 1652, na barua zilizoandikwa Kilwa kwa Kiswahili mwaka wa 1711 zimehifadhiwa Goa hata leo. Zote ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Kwa herufi hizo ziliandikwa hati za nyumba na mashamba, wasia, hesabu za biashara, barua za maharusi, na tenzi. Mwana Kupona binti Mshamu alipomtungia bintiye utendi maarufu mwaka wa 1858, nasaha zake zilihifadhiwa kwa hati hiyo, nao wanawake wengi wa pwani waliisoma majumbani mwao. Haikuwa hati isiyo na upungufu. Sauti za p, v, g na ch zilihitaji alama za kuongezwa, na irabu ya e haikutengwa waziwazi na i, wala o na u. Lakini msomaji mwenye lugha yake hakuhangaika, kwa kuwa alilijua neno kabla ya kuliona.

Herufi za Kirumi ziliingia kwa mikono ya wageni. Krapf alifika Mombasa mwaka wa 1844 akaanza kukusanya maneno ya Kiswahili, na baada yake Steere wa Unguja alichapa vitabu vya sarufi na hadithi. Serikali ya Kijerumani ilifungua shule Tanga katika miaka ya 1890 ili kupata makarani, na karani wa Kijerumani aliandika Kiswahili kwa herufi za Kirumi. Waingereza waliifuata njia hiyo hiyo. Gazeti la Mambo Leo lilianza mwaka wa 1923. Mkutano wa Mombasa wa mwaka wa 1928 ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Na tarehe 1 Januari 1930 ikaanzishwa kamati ya lugha ya nchi zote nne, Tanganyika, Kenya, Uganda na Unguja. Hapana haja ya kuulaumu uamuzi wenyewe. Herufi za Kirumi zilikuwa rahisi kwa mitambo ya kupiga chapa, na irabu zake tano zilikaa na Kiswahili vizuri.

Lililokosekana ni jambo moja: hapakuwa na darasa la wazee. Watoto walitengenezewa shule, vitabu na walimu. Baba zao na babu zao walitengenezewa fomu. Mwalimu wa chuo aliyekwisha kuandika hati za mji mzima alilala mwanachuoni akaamka hawezi kusoma stakabadhi ya kodi yake. Mbele ya karani alihesabiwa sawa na mtu ambaye hajapata kushika kalamu. Naye alipokataa kuzishika herufi mpya, alisemwa kuwa ni mkaidi au mwoga. Lakini hofu yake haikuwa hofu ya umbo la herufi. Herufi hizo zilifika mkononi mwa misheni na mkononi mwa mtoza kodi, na wazazi wengi wa pwani walichelea kwamba mtoto akizifuata ataiacha dini yake. Waliogopa mkono ulioshika chombo zaidi kuliko chombo chenyewe. Ndiyo maana watu hao hao waliendelea kuandikiana barua kwa herufi za Kiarabu miaka mingi baadaye, pasipo kutetemeka.

Matokeo ya kuachwa huko yalionekana katika kazi ya msomaji wa barua. Mama aliye na mtoto katika mashamba ya mkonge ya Tanga au katika bandari ya Mombasa alipopata barua, iliyoandikwa kwa herufi asizozijua, hakuwa na budi kuipeleka kwa karani, kwa mwalimu, au kwa mtoto wa jirani aendaye shule. Barua ilisomwa kwa sauti, na habari za ugonjwa, za deni, za ugomvi wa mke na mume, na za fedha zilizotumwa kwa posta, zilijulikana na msomaji kabla ya mwenyewe. Wasomaji wengi walikuwa watu waaminifu. Hata hivyo methali haikukosea: siri ya mtungi aijuaye kata. Asiyeweza kusoma alikuwa mtungi ulio wazi, na kata ilikuwa mkononi mwa mwingine. Aibu ya kutojua kusoma haikuwa katika kutojua tu. Ilikuwa katika kuishi maisha ambayo mambo yake ya ndani hupitia kwanza kinywani mwa mtu mwingine.

Kati ya herufi na simu vilipita vyombo vingine viwili ambavyo habari yake ni ya kinyume. Mwaka wa 1928 Siti binti Saad na wenzake walisafiri kutoka Unguja hata Bombay, sauti zao zikatiwa katika santuri. Siti alizaliwa kando ya mwaka wa 1880, katika ukoo wa watu maskini, naye hakupata elimu ya shule. Alikuwa amekaribia miaka hamsini alipoimba mbele ya mtambo huo. Santuri ziliporudi pwani zilinunuliwa na kusikilizwa mabarazani na mikahawani, na wazee walikuwa miongoni mwa waliokaa kuzizunguka. Kisanduku kilichotoa sauti ya mtu asiyekuwapo kingeweza kudhaniwa kuwa ni cha kutisha kuliko herufi ishirini na kidogo zilizopangwa katika karatasi. Mbona hakikuwatisha? Kwa sababu hakikumtahini mtu. Kiliongea kwa sauti waliyoijua, kwa lugha ya nyumbani, juu ya mambo ya mji wao, na hakuna aliyeulizwa swali na kushindwa mbele ya watu. Redio ilifuata njia hiyo. Matangazo yalipoanza Dar es Salaam mwaka wa 1951, mzee hakuhitaji cheti ili asikilize; alihitaji jirani mwenye redio.

Basi wakati Tanganyika ilipopata uhuru mwaka wa 1961, mambo mawili yalikuwa yamekwisha kuonekana. Chombo kigumu kilichotolewa bila ya darasa kiliwaacha wazee nje. Chombo kipya kilichosema lugha yao kiliwaingiza ndani. Kazi iliyobaki ilikuwa kuyakutanisha mambo hayo mawili.

Mwaka wa 1964, alipoueleza mpango wa kwanza wa miaka mitano, Mwalimu Nyerere alitoa hoja iliyoipindua methali ya samaki. Alieleza kwamba watoto hawataathiri uchumi wa nchi kwa miaka mingi ijayo. Wanaolima, wanaolea na wanaoamua mambo ya nchi leo ni watu wazima, kwa hiyo hao ndio wa kuelimishwa kwanza. Mwaka wa 1968 mradi wa kisomo ulioungwa mkono na UNESCO ulianza katika mikoa ya kando ya Ziwa Victoria. Mwaka wa 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na mwaka uliofuata TANU iliazimia kuufuta ujinga wa kutojua kusoma na kuandika ifikapo mwisho wa mwaka wa 1975. Wakati huo watu wazima wasiojua kusoma walikadiriwa kuwa asilimia 67.

Watu waliokuja darasani walikuwa na hofu tatu, na inafaa zitajwe kwa majina, kwa sababu ndizo hizo hizo zilizoko leo. Ya kwanza ni aibu. Mtu mwenye wajukuu, ambaye neno lake husikizwa barazani, aliambiwa aketi katika benchi la mtoto na kufundishwa na kijana aliyemaliza darasa la saba jana. Ya pili ni hasara: saa za darasa zilikuwa saa zilizotolewa shambani, na ikiwa mwisho wake ni kupata kusoma hadithi ya sungura, hasara hiyo ilikuwa kubwa. Ya tatu ni kuanikwa. Ujinga uliofichika nyumbani ungeonekana na jirani wote ubaoni.

Mahali kisomo kilipofaulu, kila hofu ilipata jibu lake. Aibu ilijibiwa kwa adabu na kwa kundi. Kijana aliingia akawaamkia wanafunzi wake shikamoo, akawaita mama na mzee, ndipo akashika chaki. Na kwa kuwa darasa lilijaa watu wa rika moja, hapakuwa na mmoja wa kuchekwa peke yake. Hasara ilijibiwa kwa vitabu vya kazi. Vitabu vya kisomo katika mikoa ya Ziwa viliandikwa juu ya pamba, ndizi, uvuvi na ufugaji, hata mtu alijifunza silabi katika jina la kitu alichokitoa shambani asubuhi ile. Mkulima aliyeweza kusoma mzani wa chama cha ushirika, na kulinganisha namba yake na ile iliyoandikwa katika stakabadhi, aliona faida ya herufi siku ile ile. Na kuanikwa kulijibiwa kwa zawadi iliyo kubwa kuliko zote: mwanafunzi aliweza mwisho kuisoma barua ya mwanawe akiwa peke yake. Kata ilirudi mkononi mwa mwenye mtungi.

Alama iliyojulikana zaidi ya ushindi huo ilikuwa sahihi. Asiyejua kuandika alitia dole gumba. Doa lile jeusi chini ya hati lilikuwa tangazo la ujinga, na watu wengi waliliona kuwa fedheha. Mtu mzima aliyejifunza kuandika jina lake aliondoa kidole chake katika kidau cha wino, akidhani ameondoa kwa milele.

Redio nayo iliingizwa katika kazi hiyo. Mwaka wa 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilifundisha viongozi wa vikundi wapatao 75,000, na watu wapatao milioni mbili walikutana kila juma, kwa majuma kumi na mawili, kusikiliza kipindi, kusomewa kijitabu, kisha kuzungumza wao kwa wao na kwenda kuchimba choo au kufyeka majani. Mwaka wa 1975 ilifuata Chakula ni Uhai. Nguvu ya mpango huo haikuwa katika redio peke yake. Sauti ilitoka mbali, lakini maana yake ilifunguliwa na jirani, na mwisho wake ulikuwa kazi ya mikono ambayo kila mtu aliweza kuiona.

Hesabu za serikali zilionyesha kwamba wasiojua kusoma walishuka hadi asilimia 39 mwaka wa 1975, na karibu asilimia 10 mwaka wa 1986. Hesabu hizo hazisemi yote. Katika baadhi ya wilaya watu walilazimishwa kuhudhuria kwa sheria ndogondogo, na aliyesukumwa darasani kwa hofu ya faini hakupenda kalamu sana. Wengine walifuzu mtihani, kisha wakasahau kwa kukosa cha kusoma. Gazeti la Elimu Haina Mwisho, lililotolewa Mwanza kwa ajili ya wasomaji wapya, lilikuwa dawa nzuri lakini halikuweza kufika kila kijiji. Katika miaka ya 1980 na 1990, uchumi ulipodhoofika, madarasa mengi yalififia. Pamoja na hayo yote, jambo moja lilikwisha kuthibitika: samaki aliyekauka alikunjika, na hakuvunjika.

Simu za mkononi zilianza kutumika Tanzania mwaka wa 1994, zikiwa ghali na za watu wachache. Chombo kilichozifikisha kwa wazee wa vijijini ni fedha. Mwaka wa 2005 jaribio dogo lilifanywa Nairobi na Thika ili wakopaji walipe madeni yao kwa simu. Watu wakaonekana wakiitumia njia hiyo kutumiana fedha wao kwa wao. Mwezi wa Machi 2007 M-Pesa ikafunguliwa kwa watu wote nchini Kenya, na mwaka wa 2008 ikaingia Tanzania. Kabla ya hapo, kijana wa mjini aliyetaka kumpelekea mama yake fedha alizipeleka kwa posta, au alimpa dereva wa basi ndani ya bahasha. Sasa fedha zilifika kabla mama hajamaliza kuchambua mboga. Kwa hiyo wazee walikuwa wapokeaji tangu siku za mwanzo, na wengi wao hawakufundishwa cho chote.

Hapo ndipo msomaji wa barua alipozaliwa mara ya pili, kwa jina la wakala au la mjukuu. Ujumbe huja, mzee hawezi kuusoma kwa sababu ya macho, au ya maandishi madogo, au ya kutojua kusoma, humpa mwenziwe. Tofauti ni hii, na ni tofauti nzito. Aliyeisoma barua zamani alizijua habari za mtu, lakini hakuweza kuchukua fedha iliyokuwa posta. Mwenye kuijua namba ya siri aweza kuijua habari na kuichukua fedha pia, akiwa mbali, wakati wo wote. Kata ya siku hizi huchota.

Mtu akikumbuka hayo, hataiita hofu ya mzee ujinga. Ujumbe wa matapeli unaosema kwamba ile hela itumwe kwa namba hii umewafikia watu wengi mno nchini Tanzania, hata umekuwa mzaha. Lakini si mzaha kwa mama aliyekuwa kweli akingoja kuombwa fedha na mwanawe. Mtu aliyeishi miaka sabini amejifunza kwamba kitu asichokielewa, kinachogusa fedha yake, hakina budi kuogopwa. Huko ni kutahadhari, na tahadhari ni sehemu ya akili. Kosa la waalimu wengi wa simu ni kutaka kuiondoa hofu yote, hata ile iliyo mlinzi wa mali.

Fauka ya hayo, chombo chenyewe hakikutulia. Simu za kwanza zilikuwa na vitufe, na kidole cha mzee kilijifunza njia yake kama miguu ijuavyo njia ya kisimani: nyota, namba, reli, kisha moja, kisha moja tena. Asiyejua kusoma aliweza kuhifadhi mfuatano huo kwa moyo, kama ahifadhivyo dua. Kisha vikaja vioo visivyo na vitufe. Kioo hakimpi mtu dalili kwamba amekwisha kubonyeza. Akikigusa kwa nguvu hufanya jambo jingine, na programu ikisasishwa usiku, asubuhi mlango haupo mahali ulipokuwapo jana. Mzee aliyejifunza kwa taabu huona ya kwamba amedanganywa.

Tena iko habari ya kidole. Mwaka wa 2019 Tanzania ilianza kusajili laini za simu kwa alama za vidole, na mwanzoni mwa mwaka wa 2020 laini zisizosajiliwa zikaanza kufungwa. Watu waliofundishwa na kisomo kuona haya kutia dole gumba waliambiwa sasa kwamba dole gumba ndicho kitambulisho cha kisasa. Na wako ambao jembe na majivu ya jiko yamezifuta alama hizo, hata mtambo haukuzitambua kwa urahisi. Mtu aliyetumia mikono yake kuilisha nchi aliambiwa kwamba mikono hiyo haisomeki.

Jambo hili halikomei katika kupiga simu. Zanzibar ilianza mwezi wa Aprili 2016 kumpa kila mkazi aliyetimiza miaka 70 pensheni ya shilingi 20,000 kwa mwezi. Na Kenya, katika mpango wa Inua Jamii, imewapa wazee wa umri huo shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi. Ni fadhila ambazo mababu hawakuzipata. Lakini malipo ya namna hiyo, po pote yanapopitishwa katika simu au kadi, humfikia kwanza yule aijuaye namba ya siri. Ikiwa mzee mwenyewe haijui, au ameigawa kwa watu watatu, basi haki aliyopewa na nchi huwa hisani anayopewa na mjukuu. Husemwa kwamba vijana watawafanyia wazee mambo haya, na kwamba hapana haja ya kuwasumbua. Vijana wengi hufanya hivyo kwa mapenzi. Lakini hivyo ndivyo ilivyosemwa juu ya barua. Na mamilioni ya watu wazima walioingia madarasani katika miaka ya 1970 walitoa jibu lao kwa miguu. Hawakuwachukia wasomaji wao. Walitaka tu kuisoma barua wenyewe.

Basi historia inashauri nini? Kwanza, yashauri kwamba mafunzo yaanze na haja ya mwanafunzi, kama kisomo kilivyoanza na pamba. Mama mwenye mwana Muscat au Dar es Salaam hahitaji somo juu ya intaneti. Ahitaji kuisikia sauti ya mwanawe. Ujumbe wa sauti, ambao mtu huushikilia kwa kidole na kusema, umewafungulia mlango wazee ambao maandishi yaliwafungia. Ni santuri iliyorudi kwa umbo jipya: chombo kigeni kinachosema kwa sauti ya mtu wa nyumbani. Aliyeuzoea mlango huo hufikia milango mingine kwa moyo mkunjufu.

Pili, yashauri juu ya mkono. Kijana mwenye haraka huichukua simu, akatenda, akairudisha, na kudhani amefundisha. Katika darasa la kisomo chaki ilikabidhiwa mwanafunzi. Hapakuwa na njia nyingine ya kujua kuandika. Kadhalika simu ibaki mkononi mwa mzee, na kidole kiwe chake, hata kikichelewa. Fedha kidogo, shilingi elfu moja ikitumwa kwa jirani aliyeketi ubavuni na kurudishwa, yatosha kumwonyesha kwamba kosa laweza kufanywa na dunia isianguke. Na ikiwa jirani huyo ni wa rika lake, ambaye mwezi uliopita naye hakujua, aibu hupungua nusu.

Tatu, yashauri juu ya maneno. Mitambo mingi ya fedha husema Kiswahili, na hilo ni jambo la kushukuru. Lakini ni Kiswahili cha karani. Mtu ambaye hajapata kuwa na akaunti huambiwa "thibitisha muamala", naye hubaki ameduwaa katika lugha ya mama yake. Walimu wa kisomo walijua kulitoa neno gumu nje na kulieleza kwa neno la shambani. Kazi hiyo ingali ikiwangoja wanafunzi wa lugha, na ni kazi yenye heshima.

La mwisho, na ndilo lililo kubwa, somo la kwanza liwe juu ya siri. Mafunzo mengi huanza na namna ya kutuma na kupokea, na huifikia namba ya siri kama jambo dogo la kupitiwa. Yafaa yaanze hapo. Mzee aelezwe kwamba namba hii ni ufunguo wa sanduku lake, kwamba wakala mwaminifu hamwombi, kwamba mtoto mwema hataudhika akinyimwa. Hofu yake isidharauliwe, bali ipewe kazi: imwogope tapeli, isimwogope mtambo. Na mahali macho au mikono imekwisha kukataa kabisa, dirisha lenye mtu nyuma yake lisifungwe. Maana kumfundisha mtu si sawa na kumlazimisha.

Msomaji na akumbuke hesabu moja nyepesi. Mtu aliyekuwa na miaka thelathini wakati wa mitihani ya kisomo ya mwaka wa 1975 amevuka leo miaka themanini. Wengi wa wazee wanaosimama mbele ya kibanda cha wakala, simu mkononi na wasiwasi moyoni, ndio wale wale waliokaa katika mabenchi ya watoto, wakavumilia vicheko, wakajifunza kuandika majina yao. Watu hawa wamekwisha kuishinda hofu ya chombo kipya mara moja. Waliishinda kwa kuwa nchi ilidhani wanastahili kungojwa. Anayemnyang'anya mzee simu na kumwambia "lete, nitakufanyia", humrudisha kwenye kidau cha wino alichokiacha nusu karne iliyopita. Anayeketi karibu naye, akamwamkia, akamwachia kidole chake kitafute njia, huendeleza darasa ambalo halijafungwa bado.